Kiti cha Mama wa Bibi Harusi

Bi Pyo amefariki. Habari nimeipata kwenye simu, nimesimama jikoni kwangu hapa Stafford, Texas, na mwiko mkononi, na kabla chozi halijatoka nikasikia kinyaa. Si kwa marehemu, yeye Mungu amlaze pema. Ni kwa walio hai. Grace, binti yake, ameweka mtandaoni picha ya mama yake akiwa amevaa taji la malkia, na chini yake ameandika maneno matamu: mama yangu, rafiki yangu, nguzo yangu. Watu wanammiminia mioyo na viganja vya kuomba dua. Nguzo! Khaa! Mtu mzima, ana watoto, anaandika nguzo bila kutetemeka vidole. Mwanangu akanikuta nimeganda pale, mchuzi unashika chini, akaniuliza, "Mom, you okay?" Nikamwambia amekufa mtu niliyemfanyia kazi zamani. Akasema sorry, akafungua friji, akatoa juisi yake, akaondoka. Basi nimekaa niandike, maana nikinyamaza haya yatanioza tumboni.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nasoma chuo cha jioni, na nilipata kazi ya kukaa na mama mmoja wa Kikorea aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo, katika apatimenti moja Irving, karibu na uwanja wa ndege mno hata vikombe vilikuwa vinagongana kabatini ndege ikipita. Nilitakiwa kupika kidogo, kufua, kumpeleka hospitali, kumshika mkono ngazini. Nyumba ilikuwa ya dada yake, mjane aliyekuwa fundi wa kurekebisha nguo kwenye duka moja la dobi. Nami nilimwita Dada Mkubwa kwa sababu ndivyo mdogo wake alivyomwita kwa lugha yao. Hakuna aliyeniambia kwamba ninayekwenda kumwogesha alikuwa nyota. Nilivua viatu mlangoni kama nilivyolelewa, nikainama kidogo, nikasema, "Good morning, Mama." Kwetu mwanamke mzima humwiti jina lake kavu kavu, sasa utamwitaje kama si Mama? Bi Pyo alikuwa amelala kochini, mto mgongoni. Akafumbua macho, akamtazama dada yake, wakaangua kicheko wote wawili mpaka yeye akashika kiuno akawa analia kwa maumivu huku anacheka.

Nikajua nimeharibu. Dada Mkubwa akanieleza huku anafuta machozi. Kwao mama mzazi anaitwa "omma". Hilo "mama" nililotamka mimi ndivyo wanavyomwita malkia, enzi za wafalme, na siku hizi kwenye tamthilia za kifalme. Na huyu aliyelala hapa na soksi za hospitali, akasema, ndiye aliyekuwa malkia kwenye tamthilia iliyofanya barabara za Seoul ziwe nyeupe jioni, watu wote wamekimbilia kwenye TV. Nikataka kuomba radhi nimwite Madam. Bi Pyo akapunga mkono. "Niite hivyo hivyo," akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Siku nyingi sijasikia." Naye akaanza kuniita Tatu-ya. Jina langu ni Tatu, na hiyo "ya" ni namna yao ya kumwita mtu wa nyumbani, lakini mimi nilikuwa nikiisikia moyoni nacheka peke yangu: Tatu ya nani? Tatu ya wapi? Tukaelewana namna hiyo, kila mmoja akimpa mwenzake jina lililokuwa na maana nyingine kwake.

Ile nyumba niliizoea kwa pua kwanza. Kabichi yao ya pilipili ilikuwa na friji yake peke yake, na ukifungua, harufu inakufuata hadi kwenye basi. Lakini walikuwa wanakaanga dagaa, jamani, dagaa wa kweli, na sukari kidogo na ufuta, nikala nikasahau kwamba niko Texas. Dada Mkubwa alipojua sili nguruwe alinitengea sufuria yangu na mwiko wangu, akaufunga uzi mwekundu, na ole wake mgeni aliyeugusa. Supu ya mwani ndiyo iliyonishinda siku ya kwanza. Inateleza kama mlenda uliolala. Bi Pyo aliipika siku ya kuzaliwa kwa Grace, na Grace mwenyewe hakuwepo. Kwao mwanamke akijifungua anapewa supu hiyo, na kila mwaka mtoto anainywa siku yake ili akumbuke tumbo lililombeba. Sasa mtoto yuko Houston na mama yuko Irving, basi mama akaipakua bakuli mbili, akanywa yake, akanisogezea ya pili. Nikainywa yote, macho nimefumba. Siku hizi naipika mwenyewe, na wanangu wanakimbia.

Maisha yake alinisimulia vipande vipande wakati namkanda mgongo. Alichaguliwa na kituo cha TV akiwa hajamaliza shule, kwenye shindano la kutafuta sura mpya. Miaka ya mwanzo walimpa acheze wasichana wa kufa kwa kifua kikuu, muvi baada ya muvi, mpaka watoto wa mtaani wakimwona sokoni wanamuuliza, mbona hujafa? Kisha akawa malkia. Kisha akaolewa na mfanyabiashara mmoja, bwana Kim, na enzi zile kwao nyota wa kike akiolewa anaaga: anaita waandishi, anainama, analia kidogo, basi, amekwisha. Naye akaaga. Akamzaa Grace. Miaka ikapita yuko jikoni, hadi mtayarishaji mmoja akamfuata kumsihi arudi, tamthilia moja tu, akarudi bila kuomba ruhusa kwa mume. Mume akaenda polisi, akadai mkewe anazini na mwigizaji mwenzake. Sheria ya kwao wakati huo ilimpa nafasi. Watu walikuwa wanafungwa kwa neno hilo. Ushahidi haukuwepo, hakufungwa, lakini magazeti hayakuwa na shida na ushahidi. Kituo kikamtoa katikati ya hadithi, kikamwandikia mwanamke aliyemcheza afe kwa ajali ya gari. Talaka ikatoka. Bwana akamchukua mtoto, akahamia Houston, akafungua maduka ya nywele.

Hebu sikiliza, maduka ya nywele! Yale yale tunayojazana sisi weusi Jumamosi, unaingia mtu anakufuata nyuma hatua kwa hatua kama vile utaweka wigi kwenye mfuko wa suruali. Bi Pyo aliponitajia jina la duka, nilikuwa na rasta kichwani kutoka huko huko. Shoga yangu aliniletea alipotoka Houston. Nilizifumua mchana huo huo, nikazitia kwenye mfuko wa taka, nikaenda chuoni na kichwa changu kama kilivyo. Bi Pyo naye alihamia Texas miaka baadaye, karatasi zilipokamilika, ili tu awe jimbo moja na mwanawe. Grace alikuwa anapiga simu mara moja moja akiwa kazini, asisikike na baba yake. Bi Pyo alikuwa akijipaka poda kabla ya kupokea. Poda, kwa simu! Mimi nilikuwa najifanya nakunja nguo.

Kabla ya majira ya joto Grace akapiga kusema anaolewa. Tangu siku hiyo Bi Pyo hakuwa na hamu nyingine duniani ila moja: akae kwenye kiti cha mama wa bibi harusi. Kwenye harusi zao mama wawili, wa bwana na wa bibi, wanaingia ukumbini pamoja mbele ya watu, wanawasha mishumaa, wanainamiana, kisha kila mmoja anakwenda kukaa kwenye kiti chake mbele kabisa. Mama wa bwana harusi anavaa buluu. Mama wa bibi harusi anavaa rangi ya waridi. Dada Mkubwa akakata kitambaa cha waridi, akashona kwa mkono wake, na sebule ikajaa vipande hata pa kukanyaga hakuna. Bi Pyo alifanya mazoezi ya kutembea kutoka mlango wa bafu hadi kwenye TV, amenishika mkono mimi kama mama wa bwana harusi, tunainama, tunawasha mishumaa ambayo haipo. Daktari alikuwa amemkataza kuinama. Nilimwambia, "Mama, mgongo." Akasema mgongo ameusubirisha miaka yote hii, utangoja kidogo.

Simu ya pili niliisikia yote kwa masikio yangu, maana mgongo ulikuwa unamsumbua, nikaiweka kwenye spika nikaiegemeza kwenye bakuli la matunda. Grace aliongea Kiingereza tupu, haraka haraka, kama mtu anayesoma. Wakwe zake ni watu wa kanisa, watu wenye jina. Aliwaambia zamani, alipoanza urafiki na kijana wao, kwamba mama yake alikufa. Ilikuwa rahisi zaidi, akasema. Shangazi yake, dada wa baba, ndiye atakayekaa kwenye kiti. Nikaacha kukunja nguo. Grace akaendelea, na sauti yake sasa ikachangamka: lakini mama mkwe ni mpenzi wa tamthilia, ana kanda zote za malkia, na alipoambiwa kwamba Bi Pyo anaishi Texas karibu azimie. Basi Grace amewaahidi atamleta. Atakuwa mgeni wa heshima. Meza ya mbele, apige picha na watu, aseme maneno mawili. "Itakuwa zawadi kubwa sana kwa mama mkwe," akasema. Ile ya baba yake kutajwa magazetini haikumtia Grace hofu; walimwandika Kim, na akina Kim kwao ni kama akina Juma kwetu, utamjua yupi?

Nilikuwa nimesikia mengi ya wanadamu, lakini hilo lilinitoa jasho. Wakati huo huo ndege ikapita na vikombe vikaanza vurugu yao. Mimi, kwa kutojua nifanye nini na mikono yangu, nikasema, "Mama, nikuletee maji?" Grace akasikia. "Who's calling her mama?" akauliza. Dada Mkubwa akamweleza kwamba ni msaidizi tu, ndiyo adabu yao. Grace akasema huko Houston msaidizi asithubutu, wakwe watafikiri vingine. Eti asithubutu! Nikaitolea simu ulimi, mtu mzima mimi. Bi Pyo akasema maneno machache ya Kikorea, akaniashiria nikate. Dada Mkubwa akaanza kupiga kelele, akalirusha lile vazi la waridi chini. Bi Pyo akangoja aishiwe pumzi. Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Nimecheza mama wa watu wengi. Sasa nitacheza mgeni. Nitamwona."

Jumapili Mama Furaha akaja kunisuka. Huyu ni jirani yangu wa zamani kule Euless, Mkongo wa Uvira, kazi yake ilikuwa kwenye ghala la mizigo, na akitoka kanisani alikuwa anapitia kwa Dada Mkubwa kuangalia kanda za Kikorea bila kuelewa hata neno, analia vizuri kuliko wenye lugha. Nilipomwambia, akaacha kusuka, kitana hewani. "Eh! Ule mama ni muzima, anakula, anakunywa, na mutoto yake anasema alikufa? Na kinywa yake mwenyewe? Yesu!" Nikasema ndiyo, na sasa anamwalika. "Na ataenda?" Ataenda. "Na weye utamupeleka?" Nani mwingine? Akasuka mstari mzima. "Tatu," akasema, "chakula ya ile fete ya ndoa, mimi siwezi kuitia mu mudomo." Nikamwambia hata mimi.

Barabara ya Houston niliendesha mimi, gari la Dada Mkubwa, naye alikataa kuja. Bi Pyo alivaa suti ya kijivu, na uso alioutengeneza ule, nakwambia, ulikuwa mwingine. Njiani mtu aliyeniomba nipunguze kiyoyozi alikuwa mgonjwa wangu, na aliyeshuka mbele ya hoteli alikuwa nyota. Ukumbi ulijaa maua meupe. Upande wa baba wa bibi harusi, nilijionea, wote walimjua. Waliona anaingia, macho yakapigana kengeza, kisha kila mmoja akaona kitu cha maana sana kwenye sahani yake. Bwana Kim alisimama mlangoni, mfupi, kifua mbele, akampa mkono mke wake wa zamani kama anayempokea mgeni wa serikali. "Tumeheshimika," akasema. Mimi nilikuwa nimemshika Bi Pyo mkono wa pili, nikausikia ukiwa wa baridi.

Shangazi akaingia na vazi la waridi. Akashikana mkono na mama wa bwana harusi, wakatembea, wakawasha mishumaa, wakainamiana, na shangazi akakosea, akainama kabla ya mwenzake, akacheka. Bi Pyo alitazama yote hayo mgongo umenyooka, tabasamu pale pale. Lakini kidole chake cha shahada kilikuwa kinapiga goti: moja, mbili, inama. Niliangalia pembeni.

Baada ya ibada wakamwita jukwaani aseme yale maneno mawili. Zile ngazi hazikuwa na pa kushika. Alipopanda ya pili nikaona mguu unacheza, na ulimi wangu haukuniuliza. "Mama! Mama, shika mkono wangu!" Nilipaza, ukumbi mzima ulisikia. Mama mkwe aliyekuwa mbele akageuka, vazi lake la buluu likajaa njia. Hawa ni watu wa Texas, neno hilo kwa Kiingereza wanalijua. Akanitazama mimi mweusi, akamtazama Bi Pyo, na swali likaanza kujichora usoni mwake: ni mama wa nani huyu? "Mama?" akasema. Nikawaza, basi, na iwe. Iwe leo hii hii, hapa hapa.

Lakini Grace alikuwa mwepesi. Na shela lake lote hilo alikuwa keshafika kati yetu, anacheka kicheko cha kengele. Akasema kitu kwa Kikorea, na nikakielewa kwa sababu neno moja lilikuwa langu: mama, mama, kama kwenye jumba la malkia! Kwamba ndivyo wanavyomwita nyumbani kwake, kwa heshima ya ile tamthilia! Mama mkwe akapiga makofi kwa furaha. Meza ya mbele ikapiga makofi. Mzee mmoja akasimama akainama kwa ile namna ya watumishi wa ikulu, akasema "Mama!", na wengine wakafuata, ukumbi mzima, vicheko na viti vikisukumwa, mama, mama, mama. Grace naye akakunja gauni lake, akapiga magoti pale kwenye zulia mbele ya mama yake mzazi, akamwita Mama, na watu wakashangilia mpaka mpiga picha akaomba arudie. Akarudia. Na Bi Pyo, nilimwona, akainua mkono wake polepole, kiganja kidogo kwa nje, kama malkia, akampa baraka. Hakuna aliyejua kulikuwa na kitu kingine pale, ila upande wa baba, na hao walikuwa wanatafuna.

Picha walipiga hadi taa zikawachosha. Chakula alikula chote, kila sahani waliyomwekea, anasifu. Tulipotoka nje ya mji akaniambia, "Tatu-ya, simama." Nikaingiza gari kwenye kituo cha mafuta. Hakufika chooni, alitapika kwenye majani kando ya pampu ya upepo, na mimi nimeshika nywele zake na ile mikufu, naye anaomba radhi kila akipata pumzi, kwa watu waliokuwa wanapita, kwangu, kwa majani. Nikamnawisha uso kwa maji ya chupa. Poda ikatoka yote. Akauliza kama niliona jinsi Grace alivyokuwa mzuri. Nikasema niliona. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba niliupita mji wetu, nikarudi nyuma kuitafuta njia ya Irving.

Kumbe kati ya wageni kulikuwa na mtu aliyerudi Seoul akaeleza kwamba amemwona, na kwamba bado yuko imara. Kituo kile kile kilichomuua kwa ajali ya gari kikampigia. Walikuwa na nafasi ndogo kwenye tamthilia ya familia, mama wa bibi harusi, siku chache tu za kazi. Hawakuona haya wala nini. Nilimwambia, "Mama, wakatae." Akanitazama kama mtoto asiyejua kitu. Alikwenda, na mgongo wake huo, na hakurudi Irving tena ila kwa likizo. Kazi ilifuata kazi, akawa mama wa nchi nzima, ndivyo walivyokuwa wakimwita. Mimi nilibaki kwa Dada Mkubwa mpaka muhula wangu ulipoisha.

Kanda ya tamthilia hiyo ikafika kwenye duka karibu na soko la Wakorea. Tuliangalia watatu sebuleni, mimi, Dada Mkubwa na Mama Furaha aliyekuja na leso tayari. Bi Pyo aliingia ukumbini na vazi la waridi, ameshikana na mwanamke wa buluu. Hakukosea hatua. Akawasha mshumaa, akainama na mgongo ule uliokatazwa, akakaa kwenye kiti, na kamera ikamwacha hapo, inamtazama tu. Dada Mkubwa aliondoka akaenda kusimama bafuni na maji yamefunguliwa. Mama Furaha alilia waziwazi. Mimi sikulia. Nilimwangalia yule msichana aliyemcheza bibi harusi, mgeni kabisa, anajifuta macho mbele ya mama ambaye si wake, nikaona wivu.

Simu ikalia siku iliyofuata mchana, nikapokea mimi. Alikuwa Grace. Pua imeziba, sauti imejaa machozi. Wameiangalia wote nyumbani, akasema, yeye na mume wake na mama mkwe, wamelia, wamekumbatiana, hajawahi kulia namna hiyo maishani. Akaniomba nimfikishie ujumbe huko Seoul. "Please," akasema, "mwambie Mama nampenda."

"Mama yupi?" nikamuuliza.

Nyuma yake nikasikia vyombo vinatolewa mezani, na mwanamke mzee akiuliza kitu kwa Kikorea. Grace akashusha sauti.

"Yule wa kwenye TV," akasema.

Nikamkatia simu.